Sindano ya Rozali Ilianguka, Nikanyolewa Nusu

Alo! Alo, santrali! Alo, mugodi! Muko wote wawili kwa simu? Bonifasi, acha kutafuna, nakusikia mupaka huku. Yusufu, weye vuta kiti ukae. Nitasema hii maneno mara moja tu, juu kesho kamio itashuka kwenu, na deriva wake ataiongeza chumvi mupaka mukose pumzi. Afazali muipate kwa kinywa yangu.

Leo nimejivua nguo mbele ya Kalembe nzima. (Hapana nguo za kweli. Nguo za kweli ningezivaa tena, maneno ikaisha. Nywele, je? Nywele haivaliwi.)

Najua, simu hii ni ya kazi, haiko ya masimulizi. Lakini leo Papa Gaspari mwenyewe, mukubwa wetu wa waya, njo amenipa ruhusa. Amesema: "Uwaambie wote wawili, mwanzo mupaka mwisho, ili wajifunze. Na usiruke fashi yoyote." Basi siruki. Kama mara ingine napunguza sauti, mujue mwenye hii maneno iko hapo mulangoni anachagua maharagi, na masikio yake haina kutu.

Nyinyi muko na watu. Yusufu, kule santrali, fashi umeme inatoka, muko na maji yenu inaanguka, mashini zinapiga kelele, wenzako wanakuya kukupokea kazi, munagombana juu ya tumbako. Bonifasi, kule mugodini hata usingizi unakosa juu ya wingi wa watu. Miye niko hapa katikati yenu, juu ya mulima: kabine ya matofali, waya tatu zinapita, nyumba ya vyumba mbili, na ukungu. Kalembe iko kule chini, naona moshi yake. Kushuka siwezi, mutu wa zamu haachi posti. Asubuhi ukungu inafunika hata ule moshi, na hapo inabaki miye na ukuta.

Na kwa ukuta kuko voltimetre tatu, zile zinapima umeme na sindano, moja kwa kila waya. Kazi yangu munaijua: kuziangalia. Sindano moja ikianguka, kwanza simu. Njo kazi yote.

Sasa mutu akiangalia sindano tatu toka asubuhi mupaka jioni, miezi kwa miezi, atafanya nini? Nilizipa majina. (Nimesema musicheke! Hata kwa nywele bado hatujafika.) Ya kushoto ni Papa, ambaye iko Masisi anapigana na shamba yake. Ya katikati ni Mama. Ya kuume ni Rozali, bibi yangu wa ndoa. Asubuhi naingia na kofia mukononi: "Papa, mumeamuka? Mama, mugongo iko namna gani leo? Rozali, weye ulilala muzuri?" Zinatetemeka kidogo, sawa watu wanaitika. Kisha nakaa, nakunywa chai pamoja nao.

Ubaya ni hii: nilikuwa nafanya vile hata wakati Rozali wa kweli alikuwa ndani ya nyumba. Siku moja alikuya kuniita kula, akanikuta nasalimia sindano yake. Akasimama pale na sahani, mvuke inapanda.

"Bahati," akasema, "miye niko hapa na sahani, weye unasalimia ukuta?"

Nilichukua sahani.

Yeye hakuwa mutu wa ukuta. Alikuwa anashuka Kalembe, analima maharagi na wamama, anaimba nao kanisani, mutu akifa anaenda kukaa kwa kilio. Akirudi, iko na habari mukono mbili, na miye iko na habari moja: leo sindano zilisimama muzuri. Mimba ilipokuwa mukubwa, akaenda kwa mama yake Kirotshe, karibu na hospitali, sawa vile mwanamuke anaenda kwao kwa uzazi wa kwanza. Pale njiani aligeuka.

"Mutoto nitamuzaa," akasema. "Kumuleta hapa juu, hiyo sijui. Mutoto halelewi na waya."

Akaenda. Kisha kimya. Mwezi, mwezi ingine. Halafu siku moja muchungaji wa Kirolirwe alipita kule chini ya njia na ng'ombe zake, akapiga kelele: "Mutu wa waya! Bibi yako nilimuona hospitali! Amezaa, lakini damu ilimutoka mingi! Iko muregevu sana!"

Nikapiga kelele: "Amezaa nini? Musichana ao kijana?"

Lakini ng'ombe zilikuwa zinaenda, naye akaenda nazo. Mukono yake tu njo ilibaki inapunga juu ya majani. Toka siku ile hakuna salamu, hakuna mupita njia, hakuna kitu. Nyinyi hamukujua, juu simu ni ya kazi, nami sikuwaambia. Nilikuwa naangalia sindano ya kuume kuliko zile zingine mbili. Nilikuwa nasema: ile inasimama, basi naye anasimama. Upumbafu, eh? Mukae kwanza hapa mupaka mvua ya pili, halafu mutanipa jina ya hii ugonjwa.

Basi, leo asubuhi. Nimesalimia wote watatu. Chai iko mukononi. Musikie: pa!

Haikuwa kishindo kubwa. Ilikuwa sawa muhindi moja inapasuka ndani ya chungu. Ilitoka nyuma ya wavu ya chuma, fashi zile transfo ndogo za kupimia zinafungiwa, zile zinapunguza umeme ya waya kubwa ili sindano zetu ziweze kuionja. Kisha harufu ya kitu kinaungua. Nikainua macho kwa ukuta.

Rozali alikuwa sifuri.

Hakutetemeka, hakushuka pole pole. Alilala kule chini kabisa, na pembeni yake Papa na Mama wangali wanasimama, sawa watu wanamuchungulia mugonjwa. Kikombe ilinitoka mukononi. Munajua sheria, sindano ikianguka, kwanza simu. Miye, kwanza machozi.

Ee, Bonifasi, nakuona unatikisa kichwa hata sikuoni. Unasema: "Weye fundi gani?" Taa ya mezani ilikuwa inawaka, ndiyo. Simu ilikuwa imenyamaza, ndiyo. Kama waya moja ingekufa kweli, mashini zako zingeanza kuguna na weye ungenipigia na matusi ya kwenu yote. Hii yote naijua. Nilifundishwa, nilipita mutiani, nilipewa kofia. Lakini leo akili na moyo hazikuwa zinasalimiana.

Nilichukua ufunguo ya wavu. Nilitaka kuingia nitikise ile transfo, nimuinue. Niliingiza ufunguo ndani ya kufuli, nikageuza, mulango ikafunguka kidogo. Halafu ile harufu ya kuungua ikanirudisha nyuma. Nikaacha vyote pale, nikatoka inje mbio. (Hii ufunguo tutairudilia. Hiyo haichekeshi.)

Nikashuka mulima. Sasa, mikono yangu ilikuwa wapi? Juu ya kichwa, zote mbili. Na nyinyi watu wa huku munajua: mutu anashuka mulima mbio, mikono juu ya kichwa, hakuna anayemuuliza swali. Wamama walikuwa ndani ya shamba ya maharagi. Mama Eliza, ule mama muzee ambaye Kalembe nzima inamuogopa, aliniona toka mbali. Akatupa jembe, juu wote walijua Rozali alienda kuzaa.

"Yoooo! Rozali wetu weee!"

Na wengine wote wakapokea. Shamba nzima. Nawaapia, sikuwa nimesema hata neno moja! Nilifungua kinywa niseme "Hapana, mungoje," na pale mahali pa "hapana" kukatoka kilio. Kilio ya miezi yote. Sikujua kama nilikuwa nayo mingi vile.

Walinishika huku na huku, wakanipeleka kwa rugo ya Mama Eliza, ndani ya ua yake, wakanikalisha kwa mukeka. Papa Danieli, katekista, akakuya na kitabu yake chini ya kwapa. Akainama karibu na sikio yangu.

"Pole, Bahati. Habari imefika namna gani?"

Nikanyoosha kidole kwa mulima.

"Ah. Kwa simu," akasema, na akavua kofia.

Nami nikanyamaza. (Hapo njo zambi yangu yote, Yusufu. Ningesema pale: "Papa, ni sindano tu," tungecheka kidogo na ningepanda mulima na nywele zangu.)

Juu ya nini nilinyamaza? Nitasema kweli, mucheke ao musicheke. Waliwasha moto katikati ya rugo. Wanaume walitoka kwa mihogo, wakaweka majembe chini na wakakaa. Mutu alinifunika na blangeti, akaniwekea sahani ya chakula mbele. Mutu mwingine, hata jina yake sikuijua, alikaa pembeni yangu akashika mukono yangu. Alishika tu. Kiganja yake ilikuwa ngumu na yenye joto. Na miye nikafikiri: mara ya mwisho mutu kunishika mukono ilikuwa lini? Nikasema ndani ya moyo, kidogo tena. Nitawaambia kisha hii sahani.

Kisha hii sahani ikakuya ingine. Bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharagi yenye mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Kisha kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Mama Eliza, na bakuli ikapita kwa kila mutu. Nililia na nikakula. Nilikula na nikalia. Mutu mumoja alisema: "Angalia namna huzuni inamufanya njala." (Haikuwa huzuni. Miezi mingi nimekula chakula niliyopika miye, na miye sijui kupika.)

Halafu Mama Eliza akakuya kukaa mbele yangu, akaniangalia kwa macho makavu.

"Usifikiri tumekuya juu yako," akasema. "Miye nilipozika kijana wangu, weye ulikuwa kule juu, taa yako inawaka, tunaiona. Hukushuka. Rozali njo alishuka. Alilala na miye kwa mukeka hii hii mupaka matanga ikaisha. Leo tunamulilia Rozali."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Basi kula."

Nikakula. Lakini haya ikanishika kweli. Nikajisemea: sasa, Bahati. Simama uwaambie sasa. Nikafungua kinywa, na pale pale maji ya baridi ikamwagika juu ya kichwa yangu.

Mama Eliza alikuwa na wembe.

"Maiti iko mbali Kirotshe," akasema, "lakini kichwa ya mufiwa iko hapa karibu. Tuanze na ile iko karibu."

"Mama, hizo ni desturi za zamani," Papa Danieli akasema pole pole.

"Na kifo, hiyo ni mupya?" Mama Eliza akamujibu, na Papa Danieli akafungua kitabu yake akajifanya anasoma.

Alianza kwa kushoto. Krr, krr. Nywele zangu zinaanguka kwa mapaja yangu. Ningesema nini? Mutu mwenye wembe karibu na sikio yako hapashwi habari ya gafula. Nikafunga macho. Alikuwa amefika katikati kabisa, hapa juu ya pua, wakati kamio ilipiga honi.

Ile kamio naijua. Ni ile inatuleteaka chumvi, petroli na vyombo za kazi toka Sake. Kwa mbele alikaa Papa Gaspari. Na juu ya mifuko, na kitambaa kwa kichwa na mutoto kwa kifua, alikaa Rozali.

Nyinyi mungefanya nini? Miye nilifanya ya mutu mwenye akili: nilifunika kichwa na blangeti.

Lakini blangeti ilikuwa na tundu, basi niliona vyote. Rozali aliona moto katikati ya rugo, watu wamekaa chini, wamama wanalia. Na Rozali mumujue. Hakungoja kamio isimame. Alishuka na mutoto wake, mukono moja juu ya kichwa, akaingia ndani ya rugo anapiga yowe kuliko wote: "Yoooo! Nani? Nani ametuacha, wamama wangu?"

Alikuya kulia kwa kilio yake mwenyewe! Na alikuwa analia muzuri!

Watu wakanyamaza mumoja mumoja. Ule alikuwa ameshika mukono yangu aliiachilia, akarudi nyuma kwa makalio mupaka kwa ukuta wa nyumba. Wamama wawili waliingia ndani ya mihogo na hawakutoka tena. Rozali akageuka huku na huku, machozi kwa mashavu, hakuna anayemujibu.

"Mama Eliza," akasema, "uniambie tu. Ni nani amekufa?"

Mama Eliza alisimama na wembe yake mukononi, maji inadondoka. Akamuangalia toka miguu mupaka kichwa.

"Ni weye," akasema.

"Miye?"

"Weye."

"Nimekufa lini?"

"Leo asubuhi. Bwana yako njo ameleta habari."

Na kichwa zote za Kalembe zikageuka kwa blangeti. Mutu akaivuta. Nikabaki pale: nusu mufiwa, nusu fundi wa umeme. Pale mutoto akaanza kulia kwa njala, na Papa Danieli akafunga kitabu yake.

"Wafu hawanyonyeshi," akasema. "Basi huyu ni muzima."

"Bahati," Rozali akasema. "Nani alikuambia nimekufa?"

Nilitafuta jibu ingine. Nilitafuta juu, nilitafuta chini ndani ya nywele zangu. Hakukuwa ingine.

"Sindano yako ilianguka."

Basi ikanipasa kueleza. Mbele ya wote, na nusu ya kichwa: kama niko na sindano tatu, kama hii ni Papa, hii ni Mama, hii ni weye, na asubuhi ulifika sifuri. Nilivyoendelea kusema, sauti yangu ilikuwa inakuwa ndogo. Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. (Hiyo njo mbaya kuliko kicheko. Walikuwa wananihurumia.)

Papa Gaspari akashuka toka kamio. "Sifuri? Ile ya kuume? Na posti iko na nani sasa?"

Posti ilikuwa na Mungu peke yake. Tukapanda mulima, na Kalembe nzima nyuma yetu, juu walikuwa wamelia na walitaka kujua wamelilia nini.

Yusufu, ile wakati Papa Gaspari alikupigia simu ukate umeme, ni ile. Bonifasi, ile wakati mashini zako zilisimama na ulitukana, ni ile, na unisamehe. Alikata, akafunga waya kwa udongo na ule muti yake ndefu, ili umeme iliyobaki ishuke chini, njo akaingia nyuma ya wavu. Akachomoa fizible, ile fyuzi inaungua ili vyombo ipone, ya upande wa waya kubwa, mbele ya transfo. Munaijua: bomba nyeupe sawa sahani za wazungu, ndani muchanga, na katikati ya muchanga uzi mwembamba kuliko unywele. Akaitikisa karibu na sikio yake, akaipima, akasema imekufa. Kisha akainama, akatoka na kitu ameshika kwa mukia.

"Na huyu," akasema, "njo maiti yenu."

Mujusi. Amekauka, ameungua, mikono wazi. Alikuwa amejinyoosha juu ya vichwa vya transfo, akafanya njia pale njia haifai. Fizible ikaungua mara moja, sawa vile inapaswa, na transfo ikabaki nzima, na kabine ikabaki nzima.

Mama Eliza akakaribia, akamuangalia sana. "Kasiksi yangu," akasema. "Kasiksi yangu yote kwa mujusi."

Pale njo walianza kucheka. Mama wee! Walishikana mabega. Papa Danieli alikaa chini. Ule wa mukono ngumu alikuwa anapiga ukuta wa kabine na kiganja. Na ule mujusi nilimujua, alikuwa anakuyaka kula vidudu chini ya taa yangu. Lakini yeye sikumupa jina. Njo kitu moja ya akili niliyofanya huku juu.

Ndani ya kile kicheko Papa Gaspari alinivuta pembeni, nyuma ya mulango. Alikuwa hacheki. Alifungua kiganja yake, na ndani kulikuwa ufunguo ya wavu.

"Niliikuta kwa kufuli, mulango wazi," akasema. "Ulitaka kuingia?"

"Nilitaka kumutikisa tu."

"Bahati. Fizible ilikufa, basi sindano haikuona tena waya. Haikuona tu. Waya yenyewe ilikuwa pale na umeme yake yote. Sindano inakuambia sifuri, weye unaamini, unaingiza mukono." Alifunga ile kiganja. "Huyu mwanamuke angefika leo kwa kilio ya kweli."

Nilitaka kujibu, nikaona Rozali amesimama nyuma yake na amesikia. Alikuya akanipiga ngumi kwa kifua, mara na mara ingine, mutoto katikati yetu analia. Kisha akaweka kipaji cha uso kwa bega yangu, na hapo njo alilia, hapana ile kilio ya desturi. Nami nikalia.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Nini nini?"

"Mutoto. Muchungaji hakuniambia."

"Musichana," akasema, akafunua kitambaa. "Na nywele iko nayo mingi kukushinda."

Papa Gaspari akatia fizible mupya, akatoka, akafunga, akakupigia simu, Yusufu, ukarudisha umeme. Watu wote wakaingia kuangalia ukuta. Sindano ya kuume ikapanda, ikasimama pembeni ya Papa na Mama, ikatetemeka. Rozali aliiangalia muda murefu.

"Hiyo njo miye?"

"Hiyo njo weye."

"Nimekonda," akasema.

Sasa nitawaambia kitu moja, na hapa nasema pole pole kabisa. Rozali hakukuya kukaa. Alikuya kuchukua vyungu zake. Vyungu, jembe na ile blangeti ya pili, kisha kamio ikirudi apande nayo, arudi kwa mama yake mupaka Mungu ajue. Deriva alijua, Papa Gaspari alijua. Miye peke yangu njo nilikuwa sijui. Tulirudi chini wote kumaliza ile kasiksi, juu Mama Eliza alisema pombe ikitoka kwa mutungi hairudi, na kama haiko ya kilio basi iwe ya mutoto. Kule, ndani ya makelele, Rozali alimuambia Mama Eliza ile maneno ya vyungu, na miye nikasikia.

Mama Eliza alikuwa ameshika mutoto. Hakumurudisha.

"Unaenda namna gani?" akasema. "Watu tulikulilia."

Rozali aliangalia wale wamama, macho yao ingali mekundu juu yake. Aliangalia ule moto. Kisha akaniangalia miye, ile upande ya kunyolewa.

"Ni kweli," akasema. "Kule kwetu hakuna aliyenililia bado." "Lakini, Bahati, kilio ya watu tutashuka wote wawili. Na asubuhi unanisalimia miye kwanza, ukuta kisha."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo hata kama angeniomba nimeze ile fizible.

Papa Gaspari amesema ataniombea mutu wa kupokezana naye kazi. Hajaahidi, lakini amesema. Na kwa kesho, yeye mwenyewe atakaa hapa kwa posti, ili miye nishuke Kalembe na bibi yangu na mutoto yangu, niombe musamaha mbele ya watu.

Sasa, nusu ile ingine ya kichwa. Nilimubembeleza Mama Eliza amalizie. Alikataa. Alipangusa wembe yake, akaifunga ndani ya kitambaa. "Wembe yangu ni ya kilio," akasema, "na hapa hakuna maiti. Rudi siku utafiwa kweli." Nilimuomba Rozali. Rozali amesema anaipenda vile, mupaka zote ziote sawa sawa. Papa Gaspari iko na wembe, nimeiona ndani ya sanduku yake, lakini amesema ni ya kukwangua waya.

Kofia ninayo, ndiyo, Bonifasi, aksanti. Ni nzuri, ya kazi, inafunika mupaka kwa masikio. Lakini kesho ni Siku ya Mungu, na kwa mulango ya kanisa ya Papa Danieli kila mwanaume anavua kofia. Kwa hiyo nawaomba, wenzangu, mucheke leo mumalize kabisa, juu kesho ni zamu ya Kalembe.